Fedha za kuhimili tabianchi: nani apewe, apewe kiasi gani, na nani aamue? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayokutana nayo kila ninapokaa na madiwani, wanakamati wa wadi, wavuvi na wafugaji kuzungumzia fedha za tabianchi. Wengi huanza kwa hasira, na hasira yao ina msingi. Wamesikia mabilioni ya dola yakitangazwa redioni miaka nenda rudi, na maji ya kisima chao bado yana chumvi. Palipo na ubishi wa kweli nimejibu kwa kirefu. Palipo wazi sikuona sababu ya kupoteza maneno.

Fedha za kuhimili ni zipi hasa?

Fedha za tabianchi ziko za aina tatu. Za kwanza ni za kupunguza gesi zinazoongeza joto: umeme wa jua na upepo, jotoardhi, majiko banifu. Za pili ni za kuhimili, yaani kujipanga kuishi na joto, ukame na mafuriko ambayo tayari yameshafika: mbegu zinazokomaa mapema, mabwawa, mikoko, tahadhari ya kimbunga kabla hakijapiga, daraja lililoinuliwa juu ya mkondo. Za tatu ni za hasara na uharibifu, pale ambapo kilichotakiwa kuzuiwa hakikuzuilika.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Mtambo wa umeme huuza umeme, hivyo aliyeweka pesa yake hurudishiwa. Ukuta wa bahari hauuzi kitu. Mkoko haulipi riba. Ndiyo maana fedha za wawekezaji binafsi hukimbilia aina ya kwanza, na kazi ya kuhimili hubaki ikitegemea fedha za umma, ambazo ni chache na zina wagombea wengi.

Huu ni msaada au ni haki yetu?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, ibara ya 4, unasema nchi zilizoendelea zitazisaidia nchi zinazoendelea zilizo hatarini zaidi kulipia gharama za kuhimili. Nchi hizo zilitia saini maneno hayo zenyewe. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya gesi hizo duniani, na mama anayeuza mihogo Gatumba, Burundi, ambaye nyumba yake imeingiliwa na maji ya Ziwa Tanganyika, hajawahi kuchoma kisima cha mafuta.

Mimi naziita deni. Silingang'anii neno hili kwa ubishi tu. Mtoa sadaka huchagua ampe nani, lini na kwa masharti gani, na akichoka huacha. Mdaiwa hachagui. Karibu kila tatizo utakalolisoma hapa chini limetokana na deni kuendeshwa kama sadaka.

Zinahitajika kiasi gani, na zinapatikana kiasi gani?

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ya mwaka 2025 inakadiria kwamba nchi zinazoendelea zitahitaji kati ya dola bilioni 310 na 365 kwa mwaka ifikapo 2035. Fedha za umma za kimataifa zilizokwenda kwenye kazi ya kuhimili mwaka 2023 zilikuwa dola bilioni 26, pungufu hata ya mwaka uliotangulia. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa Glasgow mwaka 2021 nchi tajiri zilihimizwa kuziongeza maradufu fedha hizo za kuhimili. Kwenye mkutano wa Baku mwaka 2024 zikakubaliana lengo la jumla la dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, kwa shughuli zote za tabianchi zikijumlishwa.

Kwa hiyo tunagawa chakula cha watu wawili kwa watu zaidi ya ishirini. Chakula kikiwa kingi, namna ya kugawa haimuumizi mtu sana. Kikiwa kidogo namna hii, kila kijiko kina mtu aliyenyimwa.

Kwa nini nchi zote zisigawiwe sawa kwa sawa?

Imejaribiwa. Mfuko wa Kuhimili, uliozaliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, mapatano ya kimataifa ya kupunguza gesi hizo, uliweka ukomo mmoja kwa kila nchi: ulianza na dola milioni 10, na mwaka 2021 ukapandishwa hadi milioni 20. Sababu ilikuwa nzuri, kuzuia nchi kubwa zenye wataalamu wengi zisikombe mfuko wote.

Sasa piga hesabu. Tuvalu ina watu takriban 10,000, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina zaidi ya milioni 100. Dola milioni 20 kwa Tuvalu ni kama dola 2,000 kwa kila mtu. Kwa Kongo hazifiki senti 20. Ukisema basi tugawe kwa idadi ya watu, kila mtu apate kama wa Kongo, Tuvalu itapata dola zisizofika elfu mbili, hela isiyotosha hata nauli ya mhandisi wa kuja kupima ufukwe, ilhali ni nchi inayoweza kumezwa na bahari. Kinachofaa ni kiwango cha chini kwa kila nchi ili ndogo isipotee, na kilichobaki kigawiwe kwa kutazama watu wangapi wako hatarini kiasi gani.

Basi wapewe walio hatarini zaidi. Lakini ni nani hao?

Hapa ndipo mzozo ulipo, na huja umevaa nguo za kitaalamu. Hatari ina sehemu tatu. Ya kwanza, balaa linalokufikia: kimbunga, ukame, bahari inayopanda. Ya pili, wepesi wako wa kuumia: unategemea mvua kulima, nyumba yako ni ya udongo, kijiji kina kisima kimoja. Ya tatu, uwezo wako wa kujikinga na kuinuka tena. Ukiipa uzito zaidi sehemu ya kwanza, visiwa hupanda juu ya orodha. Ukiipa uzito ya tatu, Chad, Niger, Somalia na Kongo hupanda. Nchi ni zilezile na takwimu ni zilezile. Kilichobadilika ni mkono ulioshika mizani.

Mifuko mingi imekwepa ubishi huo kwa kutumia makundi ya kidiplomasia: nchi zenye maendeleo duni zaidi, nchi ndogo za visiwa zinazoendelea, na Afrika. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao yake Songdo, Korea Kusini, una kanuni mbili nzuri kwenye karatasi: nusu ya fedha zake, kwa thamani ya ruzuku (yaani mkopo ukihesabiwa unafuu wake tu), iende kwenye kuhimili, na angalau nusu ya hiyo iende kwa makundi hayo matatu. Ni bora kuliko kutokuwa na kanuni. Lakini makundi yana mipaka ya ajabu. Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo zimo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, Kenya haimo. Mfugaji wa Mandera aliyepoteza ng'ombe misimu mitano ya mvua ilipofeli mfululizo kati ya 2020 na 2022 hana tofauti na jirani yake wa upande wa Somalia, ila mstari umepita kati yao. Komoro imo katika orodha mbili kwa pamoja, ya visiwa na ya maendeleo duni. Pemba na Unguja ni visiwa vidogo kwa kila kipimo cha jiografia, bahari inaingia mashamba ya mpunga, lakini kwa kuwa ni sehemu ya Muungano havihesabiwi kamwe kwenye orodha ya visiwa.

Kipimo kingine kinacholeta dhuluma ni kipato cha wastani. Visiwa vya Karibiani vimekuwa vikiambiwa ni tajiri mno kupata mikopo nafuu, mpaka kimbunga kinapofuta uchumi wao kwa usiku mmoja. Mwaka 2017 kimbunga Irma kilipopiga, watu wote wa kisiwa cha Barbuda walihamishwa. Waziri Mkuu wa Barbados, Mia Mottley, amelisemea jambo hili kuliko kiongozi mwingine yeyote, na mwezi Agosti 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kipimo kipya kinachotazama udhaifu wa nchi kwa pande nyingi badala ya kipato peke yake. Benki na mifuko haijalazimishwa kukitumia. Nadhani ingefaa ilazimishwe.

Na hata kipimo kizuri namna gani, kikiishia kwenye nchi kimeishia njiani. Wastani wa Kenya unachanganya Turkana ya ukame na Karen, mtaa wa matajiri wa Nairobi.

Je, haki na ufanisi havigongani? Pesa ni chache, si ziende zitakakoleta faida kubwa?

Swali la msingi hili, na jibu langu ni: faida ipimwe kwa nini?

Ukipima kwa thamani ya mali iliyookolewa, ukuta wa bahari utajengwa mbele ya nyumba za ghorofa, kwa sababu huko kila mita ya ukuta inalinda mabilioni. Nenda bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, maji yanapoingia Jangwani na Kigogo. Mali inayosombwa pale ni godoro, jiko, cherehani, vitabu vya watoto. Kwa hesabu ya mali ni hasara ndogo. Kwa familia husika ndiyo mali yote waliyokuwa nayo. Kipimo cha mali husema kwa upole kwamba maskini si wa kuokolewa kwanza, na husema hivyo kwa lugha ya ufanisi ili usione aibu kukubali.

Ukipima kwa watu waliookolewa, na kwa sehemu ya riziki yao iliyolindwa, haki na ufanisi huanza kutembea njia moja. Bangladesh ni ushahidi. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika ardhi hiyo. Mwaka 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa mapema kwenda kwenye makazi ya dhoruba, na vifo nchini humo vilihesabika kwa makumi. Kilicholeta tofauti ni majengo ya zege ya kukimbilia, watu wa kujitolea wenye vipaza sauti na baiskeli, redio, na miaka mingi ya mazoezi. Hakuna mali ya kifahari iliyolindwa pale, na bado ni miongoni mwa matumizi bora kabisa ya fedha ambayo dunia imewahi kuyaona.

Nchi zenye vita na serikali dhaifu zinawezaje kupewa? Si zitapotea?

Ndivyo inavyosemwa, na matokeo yake yameshapimwa. Uchambuzi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, wa mwaka 2021 ulikuta kwamba nchi zenye udhaifu mkubwa zaidi wa kiutawala zilipata kutoka mifuko ya tabianchi wastani wa dola 2 na ushei kwa kila mtu tangu 2014, wakati nchi zilizo tulivu zilipata zaidi ya dola 160.

Mwezi Mei 2023 mvua ziliporomosha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Watu zaidi ya 400 walikufa, siku ya gulio. Hakuna aliyehitaji serikali kamilifu ili kupima mvua kule juu mlimani na kupiga kengele kule chini ziwani. Makanisa yapo, vituo vya afya vinafanya kazi, redio za jamii zinasikika, vikundi vya wanawake vinakopeshana kila wiki bila kuibiana. Njia za kupitishia fedha zipo. Hazifanani na zile ambazo mfuko umezizoea, basi.

Sisemi hatari ya kupotea haipo. Nasema hatari hiyo inabebeshwa yule asiye na kosa. Ukisubiri Kivu itulie ndipo umkinge mtu wa Kivu, umeamua kutomkinga.

Mikopo nayo inahesabiwa kuwa fedha za tabianchi?

Inahesabiwa, na kwa thamani yake yote. Kwa takwimu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, mwaka 2022 asilimia 69 ya fedha za umma za tabianchi zilikuwa mikopo na asilimia 28 ruzuku.

Mfano usionitoka akilini ni wa Msumbiji. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira. Zaidi ya watu 1,000 walikufa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Mwezi uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kwa Msumbiji dola milioni 118 za dharura, na zilikuwa mkopo. Usio na riba, kweli, lakini wa kulipwa, na nchi ambayo tayari ilikuwa imezama katika madeni, kwa ajili ya dhoruba ambayo haikuitengeneza.

Mradi wa bonde la Msimbazi wenyewe, ambao nauunga mkono kwa kuwa Jangwani haiwezi kuachwa kama ilivyo, una dola milioni 200 za Benki ya Dunia ambazo ni mkopo nafuu. Watanzania watazilipa. Wanapohesabu waliotoa wanahesabu upande mmoja tu wa daftari. Msimamo wangu ni kwamba mkopo ufae pale panapozalisha mapato ya kuulipa, kama mradi wa maji wenye wateja au ghala la mazao. Tahadhari ya mapema, mikoko, kuta na kuhamisha watu viwe ruzuku.

Je, nchi tajiri huhesabu vitu visivyohusika?

Hutokea. Kwa miaka mingi hakukuwa na kanuni moja ya nini kihesabiwe. Uchunguzi wa shirika la habari la Reuters wa mwaka 2023 ulionyesha Italia ilihesabu fedha zilizosaidia kufungua maduka ya chokoleti barani Asia, na Japani ilihesabu mtambo wa makaa ya mawe Bangladesh. Miradi ya kawaida ya kilimo au barabara nayo hubandikwa alama ya tabianchi, na pengine huhesabiwa yote wakati sehemu inayohusika ni ndogo.

Mbona zinachukua muda mrefu hivyo?

Kwa sababu mlango ni mwembamba na una walinzi wengi. Ili taasisi ipokee fedha za Mfuko wa Kijani au Mfuko wa Kuhimili lazima ipate ithibati: hesabu zilizokaguliwa, sera ya ununuzi, sera ya jinsia, sera ya malalamiko, na kadhalika. Ithibati peke yake imekuwa ikichukua miaka. Kisha mradi uandikwe, uhakikiwe, urudishwe, uandikwe tena. Uongozi wa Mfuko wa Kijani wenyewe umekiri kwamba mapitio ya mradi yalikuwa yakichukua kama miezi 24, na umeahidi kuyashusha hadi 9. Kuta za bahari za Dar es Salaam, ile ya kando ya barabara ya Barack Obama na ile ya Kigamboni, zilitokana na mradi wa takriban dola milioni 5 wa Mfuko wa Kuhimili ulioidhinishwa mwaka 2011. Zilizinduliwa 2018. Bahari haikusimama miaka hiyo saba kungoja nyaraka.

Nchi isiyo na taasisi yenye ithibati hupitia kwa wakala wa kimataifa, naye hukata ada yake. Kuna jambo la kujifunza katika zaka. Wanaostahili kupokea wametajwa kwa makundi manane, na miongoni mwao wamo wanaokusanya na kugawa. Kazi yao ni halali kulipwa. Lakini hakuna aliyewahi kuelewa kwamba wagawaji wapokee kwanza na washibe, ndipo fakiri aangaliwe kilichobaki.

Njia ya kupokea moja kwa moja ipo. Mfuko wa Kuhimili uliifungua, na taasisi ya kwanza kuipita ilikuwa ya Senegal, mwaka 2010. Kenya ina NEMA, mamlaka yake ya mazingira. Tanzania ina NEMC, baraza lake la mazingira, kwa Mfuko wa Kuhimili, na benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Kijani mwaka 2019, kisha ikaidhinishiwa mpango wa kuwakopesha wakulima. Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha za Mfuko wa Kijani bado hupita kwa mabenki na mashirika ya kimataifa.

Kijijini kwetu hatujaona hata senti. Je, kuna mahali zimefika kweli?

Zimefika Isiolo.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, kaskazini mwa Kenya, kulianza jaribio la mfuko wa tabianchi wa kaunti. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kwa wakubwa kuukubali: asilimia 70 ya fedha za mfuko ziamuliwe na kamati za wadi, ambazo wananchi wamezichagua wenyewe barazani, na ngazi ya kaunti isiweze kulikataa pendekezo la wadi kwa sababu tu hailipendi. Inaweza kulirudisha likarekebishwe kama halijatimiza vigezo, basi.

Wafugaji wa Kiborana walichagua nini? Wageni walitarajia wataomba visima vingi. Wao walitaka mabaraza yao ya dedha, yanayopanga malisho ya masika na ya kiangazi, yapewe nguvu ya kulinda maeneo ya akiba. Walitaka vyanzo vya maji vya kiangazi vilindwe visitumike wakati wa mvua. Walijua jambo ambalo miradi mingi imelijua kwa kuchelewa: kisima kikichimbwa ovyo katikati ya malisho, watu huhamia hapo, nyasi huisha kwa msimu mmoja, na ukame ukija mifugo hufa pembeni mwa maji. Kisima hicho kingeripotiwa kama mafanikio, chenye picha na bamba la uzinduzi.

Utaratibu huo ukaenda Wajir, Garissa, Makueni na Kitui. Makueni ikaweka kisheria kwamba asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo iende huko, Wajir asilimia 2. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ulijaribiwa Longido, Monduli na Ngorongoro. Tangu 2021 serikali ya Kenya inaueneza kwa kaunti zote kupitia FLLoCA, mpango wa fedha za tabianchi zinazoamuliwa na wenyeji, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na nchi kadhaa za Ulaya. Una kasoro zake. Kamati nyingine zimetekwa na wanasiasa wa wadi, fedha huchelewa kushuka kutoka Nairobi, na wanawake bado hukaa kamatini bila kusikilizwa. Lakini nikiambiwa nionyeshe wapi haki na ufanisi vimekaa chungu kimoja, nitaanzia hapo.

Tatizo ni kwamba Isiolo imebaki kuwa mfano, haijawa kawaida. Watafiti waliofuatilia fedha za mifuko ya kimataifa ya tabianchi hadi mwaka 2016 walikuta chini ya asilimia 10 ndizo zilizolenga ngazi ya mtaa na kijiji.

Rushwa je? Kamati ya kijiji haiwezi kula pesa?

Inaweza. Lakini wizi wa kijijini una macho mengi juu yake: mwenyekiti akijenga nyumba ghafla, kila mtu anajua mshahara wake haufiki hapo. Bajeti ikibandikwa ukutani ofisi ya kata, kwa Kiswahili, ikionyesha mifuko ya saruji na bei yake, fundi na mwalimu wataisoma. Wizi unaonitisha zaidi ni ule usio na jina: washauri wanaolipwa kwa siku zaidi ya mapato ya mkulima kwa mwaka, warsha hotelini, ripoti ya kurasa mia tatu isiyorudi kwa waliohojiwa. Huo una stakabadhi zote.

Bima inaweza kuchukua nafasi ya ruzuku?

Kuisaidia, ndiyo. Kuchukua nafasi yake, hapana. Malawi ilinunua bima ya ukame kwa msimu wa 2015/16 kutoka shirika la bima la Umoja wa Afrika, ikalipa dola milioni 4.7. Ukame ukaja mkali, mamilioni ya watu wakahitaji chakula, na kompyuta ikasema hakuna wa kulipwa. Sababu ilikuwa mfumo kudhani wakulima walipanda mahindi yanayochukua muda mrefu kukomaa kuliko waliyokuwa wamepanda kweli. Baada ya marekebisho ilikuja dola milioni 8.1, mwezi Januari 2017, njaa ikiwa imeshapita nyumba kwa nyumba. Kosa lile lingegunduliwa mapema kama aliyeandaa mfumo angewauliza wakulima wa Kasungu wanapanda mbegu gani.

Mfuko wa Hasara na Uharibifu umefikia wapi?

Ulikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh 2022, ukazinduliwa kwenye ule wa Dubai 2023, na bodi yake iko Ufilipino. Mwezi Aprili 2025 bodi iliamua kuanza na dola milioni 250 za ruzuku, miradi ya kati ya milioni 5 na 20, angalau nusu kwa visiwa vidogo na nchi zenye maendeleo duni zaidi. Ni mwanzo mdogo mno. Na usiruhusu mtu akuambie kwamba kwa kuwa upo, fedha za kuhimili zipungue.

Nani mwenye sauti ya mwisho kwa upande wetu?

Kwa Mfuko wa Kijani, hakuna mradi unaoidhinishwa bila barua ya nchi husika ya kutokuwa na pingamizi. Tanzania hutolewa na Ofisi ya Makamu wa Rais, Kenya na Hazina ya Taifa. Kwa hiyo ukisikia mradi umeletwa na wazungu na hakuna aliyeulizwa, kuna ofisi hapa nyumbani iliyoulizwa ikakubali. Muulize mbunge wako kama anajua ni miradi mingapi imepewa barua hiyo na vijiji gani vimetajwa ndani yake.

Mradi umekuja kwetu na unatuumiza. Tufanye nini?

Kwanza, ombeni andiko la mradi. Yale ya Mfuko wa Kijani na Mfuko wa Kuhimili huwekwa kwenye tovuti zao. Ni marefu na ni ya Kiingereza, lakini mtafuteni mwalimu au kijana aliyesoma awatolee mambo manne: kijiji chenu kimetajwa kupata nini, kwa kiasi gani, lini, na nani mtekelezaji. Linganisheni na mnachokiona.

Pili, andikeni kwa mtekelezaji na nakala kwa halmashauri au kaunti. Wekeni tarehe na mtunze nakala. Picha za simu zinatosha kuwa ushahidi wa kuanzia.

Tatu, mkipuuzwa, Mfuko wa Kijani una chombo huru cha malalamiko. Mtu mmoja anaweza kulalamika, au kikundi, au kijiji kizima. Mnaweza kuomba majina yenu yasitajwe. Hamhitaji wakili, na hamhitaji Kiingereza: andikeni kwa Kiswahili, mueleze nini kilitokea, wapi, na mnataka kirekebishwe nini.